Jeti ya injini moja: kwa nini wenye hela wanaojiendeshea wanaipenda ndege inayopitwa na pangaboi

Mara ya kwanza kupanda zile ndege ndogo za Caravan za Dar kwenda Unguja nilipangiwa kiti cha mbele kulia, pale kwa rubani msaidizi ambaye hayupo. Safari yenyewe ni dakika ishirini na kitu tu, bahari chini imekaa kijani, usukani wa pili uko mbele ya magoti yangu unajigeuza wenyewe kila kapteni akigeuza wake, na kichwani nina swali moja ambalo niliona aibu kumuuliza: hivi huyu kaka akizimia sasa hivi mimi nafanya nini? Nilisoma kila kibandiko cha kwenye dashibodi kama mtu anayesubiri kuingia chumba cha mtihani.

Amini usiamini, hilo swali la abiria wa kiti cha kulia ndilo lililouza aina moja ya jeti kuliko kasi, kuliko urembo, kuliko hata ile raha ya kuwaambia watu "mimi nina jeti". Naongelea jeti ndogo za injini moja, zile ambazo mwenye ndege ndiye rubani mwenyewe, haajiri mtu, anafungua hanga Jumamosi asubuhi, anakagua matairi, anapakia watoto na anaondoka. Kwa sasa ukitaja soko hili unataja karibu ndege moja tu, Cirrus Vision Jet, ambayo kwenye makaratasi inaitwa SF50, na inatengenezwa Duluth, Minnesota, huko Marekani kwenye baridi kali.

Sasa fumbo lenyewe liko hapa. Vision Jet ikikimbia kwa nguvu zake zote inafika kama kilomita 576 kwa saa, inapanda mpaka futi 31,000, na ikijazwa mafuta inaenda kama kilomita 2,200. Halafu kuna TBM 960 ya Wafaransa wa Daher, pangaboi moja mbele kama feni, na hiyo inafika kilomita 610 kwa saa na inaenda zaidi ya kilomita 3,000 bila kutua. Yaani jeti inapitwa na pangaboi! Na hapohapo Cirrus waliwakabidhi wateja Vision Jet 81 mwaka 2019, 96 mwaka 2023, na 2024 wakavuka 100. Kwa miaka kadhaa mfululizo ukihesabu jeti za biashara moja moja, bila kuangalia thamani, hii ndiyo imekuwa ikiongoza duniani. Ukimwambia mtu asiyefuatilia mambo haya atakuuliza hao wanunuzi wana akili timamu kweli.

Wanazo. Tuanze na kwa nini ni ya polepole, maana hapo ndipo mambo mengi yanafunguka.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mdogo: jeti na hiyo pangaboi ya TBM au Caravan ndani yake zina injini za ukoo mmoja. Zote ni tabaini, yaani injini zinazozungushwa na gesi ya moto, zote zinakunywa Jet A-1 ambayo ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa. Tofauti ni kwamba kwenye taboprop nguvu inaenda kuzungusha pangaboi la nje, kwenye jeti inazungusha feni iliyofichwa ndani ya bomba na kusukuma hewa nyuma. Pangaboi lina ufanisi sana chini na kwenye kasi ya wastani, jeti inaanza kupata raha ikiwa juu sana ambako hewa ni nyepesi, futi 40,000 huko. Kwa hiyo jeti inayoishia futi 31,000 ni kama daladala uliyoipeleka barabara kuu halafu ukaambiwa usitoke gia ya tatu.

Ila kasi kuna kitu kingine kinaibana zaidi, na ni sheria. Kwa miaka mingi kanuni za Marekani za ndege ndogo zilisema hivi: kama ndege ina injini moja, basi mwendo wake wa chini kabisa, ule ambao mbawa bado zinaibeba kabla haijaanza kuporomoka, usizidi noti 61, yaani kama kilomita 113 kwa saa. Sababu ni ya kibinadamu kabisa. Injini moja ikizima huna nyingine, unaenda kutua kwenye shamba la mtu, na mgongano ukiwa kwenye mwendo mdogo una nafasi ya kutoka hai. Vision Jet ilipitishwa ikiwa na noti 67, imezidi kidogo, lakini kwa ndege yenye jina la jeti huo ni mwendo wa kobe. Sasa ili ndege ibebwe kwenye mwendo mdogo hivyo inataka bawa kubwa, na bawa kubwa ukifika juu ukataka kukimbia linakuvuta nyuma kama mtu anayekimbia amefungua mwavuli. Ongeza umbo lenyewe, maana Vision Jet imenona kama yai ili familia ikae kwa nafasi, ndani ina upana wa zaidi ya mita moja na nusu. Yai lenye mbawa kubwa. Kasi ingetoka wapi?

Na kwa kuwa injini ni moja kuna kichekesho kingine, uiweke wapi? Ndege ya injini mbili unaning'iniza moja kila upande, basi. Moja lazima ikae katikati, na katikati wanakaa watu. Diamond wa Kanada waliificha ndani ya mwili wakatoboa matundu ya hewa ubavuni. Piper waliipandisha kwenye mkia kama ile DC-10 ya zamani. Cirrus wao wakaibandika mgongoni, juu ya kichwa cha abiria wa nyuma, ni Williams FJ33, halafu mkia wakaufanya herufi V ili moto upite katikati bila kuunguza kitu. Tatizo la injini mgongoni ni kwamba ukiongeza nguvu inaelekea kuinamisha pua, kwa hiyo wakachonga bomba la moshi kwa namna ya kuuelekeza msukumo ili rubani asihangaike. Mimi huo mkia wa V naupenda ila najua wapo wanaosema ndege inafanana na kambare, na hawajakosea sana.

Lakini kwa nini basi mtu ajitese na injini moja wakati jeti za injini mbili zipo, tena nzuri, HondaJet ipo, Phenom 100 ipo, Citation M2 ipo? Jibu la kwanza ni hela na halihitaji maelezo marefu: injini ya jeti ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye ndege, ukiwa nayo moja umeondoa injini nzima kwenye bei, kwenye mafuta, kwenye sevisi, na kwenye ile siku mbaya ya kuifungua yote na kuijenga upya. Vision Jet iliingia sokoni ikiuzwa karibu dola milioni 2, sasa hivi imevuka milioni 3. TBM hiyo ya pangaboi iko milioni 4 na nusu kwenda juu, na za injini mbili ziko juu zaidi. Kumbe jeti hii ndiyo ya bei ya chini kwenye meza, na hapo fumbo linaanza kulegea.

Jibu la pili watu hawalitegemei. Injini mbili si lazima ziwe salama zaidi kwa mtu anayerusha ndege saa mia kwa mwaka. Injini za tabaini zinazima kwa nadra mno, kinachoua watu kwenye ndege binafsi mara nyingi ni maamuzi ya rubani: kuingia kwenye hali ya hewa mbaya, kuchanganyikiwa mawinguni, kulazimisha kutua. Na kwenye zile ndege ndogo za pangaboi mbili, injini moja ikizima wakati wa kupaa ndege inavutwa upande mmoja, na rubani asiye na mazoezi anaweza kuigeuza kichwa chini kabla hajajua nini kimetokea. Marubani wana utani wao wa siku nyingi, wanasema injini ya pili kazi yake ni kukufikisha mpaka eneo la ajali. Jeti ndogo za injini mbili zina afadhali kwa sababu injini zimekaa karibu na mwili, sawa, lakini bado ni vitu viwili vya kufuatilia kwa mtu aliyetoka ofisini saa kumi akiwa na simu ya mteja kichwani. Kwenye Vision Jet kuna mtarimbo mmoja wa nguvu, unasukuma mbele unaenda, unarudisha unapungua, imekwisha hiyo. Matoleo ya kuanzia 2019 hata huo unajisogeza wenyewe.

Hapa inabidi tumjue mnunuzi. Siyo bilionea. Bilionea ananunua Gulfstream na kuajiri marubani wawili, hata jina la injini halijui. Huyu wetu ana kampuni ya ujenzi, au kliniki za meno tatu, au ofisi ya uwakili, yuko mji wa kati Marekani ambako ndege za mashirika hazifiki vizuri. Kule viwanja vya ndege vilivyo wazi kwa umma ni kama 5,000, lakini vinavyohudumiwa na mashirika ya kawaida ni mia kadhaa tu, kwa hiyo mtu mwenye ndege yake anafika kwa saa mbili mahali ambapo wewe na mimi tungeunganisha ndege tatu na kulala njiani. Mtu huyu alijifunza kurusha akiwa na miaka arobaini, akanunua Cirrus SR22, ndege ya pistoni, yaani injini ya aina ya gari, pangaboi moja, na akaizoea.

SR22 ni ndege nzuri lakini ina mipaka yake na mipaka hiyo inaonekana zaidi kwa familia kuliko kwake. Haina kabini yenye presha, ukitaka kupanda juu ya mawingu inabidi kila mtu avae mrija wa oksijeni puani, watoto wanalia, mama anaumwa kichwa, kelele ni nyingi, na kama hewa ya chini ina mashimo basi mnatikiswa njia nzima. Baba yeye anafurahi, ana usukani. Vision Jet inamaliza hayo yote kwa mkupuo, kabini ina presha, kimya, watu wanasinzia. Na kwa baba mwenyewe skrini ni za ukoo uleule wa Garmin, watengenezaji wa mitambo ya kuongozea ndege, usukani ni uleule wa pembeni, falsafa ni ileile, hata harufu ya ngozi ya viti nadhani ni ileile. Cirrus hawakumuuzia jeti mtu anayetafuta jeti. Walimuuzia mteja wao wa zamani ngazi inayofuata, na SR22 kwa miaka mingi ndiyo imekuwa ikiongoza kwa mauzo kwenye daraja lake, kwa hiyo foleni ya wateja walishaijenga wenyewe kabla jeti haijazaliwa.

Na sasa turudi kiti cha kulia.

Kampuni hii ilianzishwa 1984 na ndugu wawili, Alan na Dale Klapmeier, kwenye banda la wazazi wao Baraboo, Wisconsin. Mwaka 1985 Alan akiwa hewani mazoezini akagongana na ndege nyingine. Kipande cha bawa lake kilikatika, akafanikiwa kutua, yule rubani mwingine akafa. Tangu hapo hao jamaa wakawa na jambo moja kichwani, kwamba ndege ndogo lazima iwe na njia ya mwisho ya kujiokoa, na njia hiyo ikawa parachuti. Siyo ya mtu, ya ndege nzima: unavuta mshikio darini, roketi inatoka na kitambaa, ndege inashuka chini taratibu pamoja na nyie ndani. Wakongwe wa fani waliwacheka sana, wakasema hiyo ni ndege ya watu wasiojua kurusha. Oktoba 2002 huko Texas parachuti ikamuokoa rubani wa kwanza, na mpaka leo waliookoka kwa mtindo huo wamepita 200. Kicheko kikaisha.

Vision Jet nayo imewekewa parachuti, imefichwa puani, na kwa kuwa ndege inakimbia zaidi, ukivuta mshikio kompyuta inajitahidi kupunguza mwendo kwanza ndipo inafyatua. Septemba 2022 karibu na Kissimmee, Florida, ilivutwa kwa mara ya kwanza kwenye tukio la kweli, hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege ikashukia kwenye kinamasi na wote watatu waliokuwemo wakatoka hai.

Kisha ikaja ya pili, ambayo mimi naona ndiyo iliyofunga mjadala. Mwaka 2020 ikapitishwa mashine ambayo Cirrus wanaiita Safe Return, ni kazi ya Garmin. Darini kuna kitufe. Rubani akizimia, abiria yeyote, hata mtoto wa darasa la nne, anakibonyeza. Ndege inatafuta uwanja unaofaa ikizingatia mafuta, hali ya hewa na urefu wa njia ya kurukia, inaongea yenyewe redioni kuwaambia waongozaji kwamba rubani hajiwezi na inaelekea wapi, inashusha magurudumu, inatua, inafunga breki na kuzima injini. Abiria anaandikiwa kwenye skrini akae atulie, dakika zimebaki kadhaa. Hilo ndilo jibu la swali langu la Unguja, limewekewa kitufe.

Sasa jiweke nafasi ya mke wa yule daktari wa meno. Mume ana miaka 55, presha kidogo, anataka kuwarusha wajukuu. Marekani kuna ndege ya zamani, Beechcraft Bonanza yenye mkia wa V, ambayo ilipewa jina la muua madaktari, kwa sababu walioinunua walikuwa wasomi wenye hela nyingi kuliko saa za kurusha. Kila familia yenye rubani inaijua hiyo hadithi. Muuzaji wa TBM atakuonyesha kasi, na TBM za sasa nazo zina mfumo huohuo wa kujitua, kwa haki yao niseme, lakini parachuti hazina. Muuzaji wa Cirrus anamwambia mama: kitufe hiki, na kikishindikana mshikio huu. Siku hiyo chekibuku inasainiwa na anayerusha lakini anayeamua ni aliyekaa kulia. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo siri ya soko lote hili, na ndiyo maana kilomita 34 kwa saa za kupitwa na TBM hazimuumizi mtu. Kwenye safari ya saa mbili ni dakika saba.

Na hapa injini moja inarudi tena kwa mlango wa nyuma, maana parachuti inabeba uzito wenye kikomo. Vision Jet ikijaa ina kilo 2,700 na kidogo wakati wa kupaa. Ongeza injini ya pili, mafuta ya kuilisha, na bawa la kubeba vyote hivyo, ndege inanenepa na parachuti inatakiwa iwe hema la harusi.

Kuna kodi pia, tusiwe watakatifu. Sheria ya kodi ya Marekani ya mwaka 2017 iliruhusu mfanyabiashara kukata thamani yote ya ndege kwenye mapato yake ndani ya mwaka uleule wa kwanza, mradi itumike kibiashara kwa zaidi ya nusu, baadaye ikaanza kupungua ikafika asilimia 80 mwaka 2023, kisha 60, kisha 40, halafu mwaka 2025 wakairudisha 100. Mhasibu akikwambia Desemba kwamba una faida kubwa mno mwaka huu, ghafla jeti inaanza kuonekana kama matumizi ya lazima.

Isipokuwa kuna kizuizi ambacho hela haikiondoi. Marekani ndege yoyote ya jeti, hata iwe ndogo kama toroli, inataka rubani awe na idhini maalumu ya ndege hiyohiyo kwenye leseni yake, na kila mwaka arudi kupimwa. TBM ambayo ina kasi zaidi haihitaji idhini hiyo kisheria, kwa sababu tu ni ya pangaboi na uzito wake uko chini ya kikomo! Wengine wanaona ni uonevu, mimi naona ndiyo zawadi kubwa waliyopewa wanunuzi wa Vision Jet. Mtu anapelekwa Knoxville, Tennessee, anafungiwa kwenye simuleta inayoyumba, anazimishiwa injini, anawashiwa moto, anajaziwa moshi, na akifeli anafeli, hata kama kashalipa. Baada ya hapo bima nayo ina neno lake: kama saa zako ni chache utaruka na rubani mzoefu pembeni mpaka waridhike. Wazo la "nanunua kesho naondoka" halipo.

Ukiangalia mafanikio haya utadhani kila kampuni ingekimbilia soko hili. Walikimbilia, wengi, wakafia njiani. Katikati ya miaka ya 2000 watu waliamini anga itajaa jeti ndogo kama bodaboda. Eclipse walikuja na ndege ya injini mbili chini ya dola milioni moja, wakatoa kama 260, wakafilisika Novemba 2008. Walikuwa wameanza pia toleo la injini moja, likafa nao. Diamond D-Jet iliruka mara ya kwanza 2006, hela zikakata, mradi ukasimamishwa 2013. Piper walirusha ya kwao Julai 2008, wakaichora upya, Oktoba 2011 wakafunga kitabu. Cirrus nao walirusha jeti ya majaribio tarehe 3 Julai 2008, na miezi miwili baadaye mabenki ya Marekani yakaanza kuanguka, oda za SR22 zikakauka, wafanyakazi wakapunguzwa.

Wakati huo wenye hisa kubwa Cirrus walikuwa Arcapita, benki ya uwekezaji ya Bahrain, na wao hawakuwa na moyo wa kuzika fedha kwenye jeti inayomaliza hela kila mwezi. Alan Klapmeier alijaribu 2009 kuununua mradi wa jeti autoe nje aufanye mwenyewe, haikufua dafu, akaondoka. Aliyeiokoa jeti ya Kimarekani ni China: 2011 kampuni ya CAIGA, tawi la shirika la serikali la AVIC, ikanunua Cirrus yote na kumwaga fedha. Idhini ya mamlaka ya anga ikatoka Oktoba 2016, miaka mingi baada ya watu wa kwanza kuweka dipoziti, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa Desemba. Kuna waliongoja muda wote huo, watoto wakamaliza shule na kuondoka nyumbani kabla ndege ya familia haijafika.

Tusiipambe lakini. Wanasema viti saba, na kweli vipo, ila ukijaza mafuta full tanki uzito unaobaki kwa watu na mizigo ni kama kilo 200 na ushee, yaani wewe, mwenzako, na begi la wikendi. Ukitaka kujaza viti punguza mafuta, na ukipunguza mafuta zile kilomita 2,200 zinayeyuka. Halafu futi 31,000 ni palepale kwenye matumbo ya mawingu ya radi, jeti kubwa zinapita juu ya mengi, wewe unazunguka. Na mitambo ya kujiendesha inataka macho mazuri: Aprili 2019, mwezi mmoja tu baada ya ndege za Boeing 737 MAX kusimamishwa duniani, Vision Jet zote nazo ziliamriwa zisiruke mpaka kipimo kimoja kibadilishwe, kile kinachosoma bawa linakutana na upepo kwa pembe gani, kwa sababu kilikuwa kinaweza kudanganya kompyuta ikainamisha pua bila sababu. Kilirekebishwa, ila mtu unajifunza kwamba kitufe cha uokozi nacho kina nyaya.

Huku kwetu? Mafuta yasingekuwa shida, hiyo ni nafuu kubwa, maana petroli ya ndege za pistoni ni ya kutafuta kwa tochi wakati Jet A-1 iko kila uwanja unaoeleweka. Nairobi–Dar ni kama kilomita 670, ni kitafunwa, Nairobi–Kigali vilevile. Ila Dar–Johannesburg bila kusimama usahau. Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, na mchana wa jua hewa ikiwa nyepesi injini inapungua nguvu na njia ya kurukia inakuwa fupi ghafla, na injini ni moja, huna ya kuomba msaada. Mawingu ya Ziwa Victoria jioni hayana utani na mtu wa futi 31,000. Zaidi ya yote, tunakokwenda na ndege ndogo ni Seronera, ni Mara, ni viwanja vya changarawe ambavyo vinasafishwa nyumbu kabla ya kutua, na huko Caravan na Pilatus PC-12 ndiyo wenyeji, hizo ni injini moja pia kwa hiyo usidhani injini moja ni jambo geni kwetu. Amref wanabebea wagonjwa kwenye PC-12 miaka yote hii na hakuna mgonjwa anayeuliza injini ya pili iko wapi.

Mwezi uliopita nilivuka tena kwenda Unguja, na bahati ikaniangukia tena, kiti cha mbele kulia. Safari hii kitu cha kwanza niliangalia darini. Kuna taa ya kusomea na kitundu cha hewa.